Ninaujua Mgongo Wako, Mama Mkwe

Brussels, Februari 1997

Mama mkwe wangu,

Nimekaa kuandika, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimekaa tena. Chai imepoa na sijainywa. Ni mimi, mume wa marehemu Nsimire binti yako, yule mtu wa nyuma. Barua hii haina bahasha kwa sababu sijui uko wapi. Tangu vita viingie Bukavu mwaka jana hakuna simu inayoshika, na kila anayefika hapa kutoka huko namuuliza habari zako mpaka ananikimbia. Naiacha wazi ili yeyote atakayekuona akusomee. Jina lako silitaji humu, mkwe hamwiti mama wa mke wake kwa jina. Maman Chantal wa saluni ameahidi kulisema kwa mdomo kwa kila atakayempa nakala.

Jambo lenyewe ni hili. Nakutafuta, na watu wanaonisaidia kutafuta wananiuliza uso wako ukoje, na mimi uso wako siujui.

Kuna ofisi hapa mjini inayowatafuta waliopotezana na ndugu zao vitani. Nilikwenda mara baada ya mwaka mpya. Dada aliyenipokea, Mbelgiji mpole mwenye mafua, akaniuliza: macho? meno? ana kovu usoni? Nikaangalia chini. Mimi ni msafisha ofisi, nikiona aibu naangalia sakafu, na ile ilikuwa haijapigwa deki pembeni. Nikamwambia kwamba ukitembea, mguu wako wa kulia unachungulia nje kidogo. Kisigino cha kushoto kinanyanyuka mapema, kama mtu aliyekanyaga kitu cha moto. Kila baada ya mwendo fulani unainua bega la kulia, hata kama hukubeba kitu. Akaweka kalamu chini. Akasema, bwana, umesema mlitembea pamoja kutoka Brussels mpaka Normandie, sasa inakuwaje hujui sura yake?

Ningemwelezaje? Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawaangaliani usoni. Vijana wengi wa Bukavu waliacha zamani, siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Lakini nyumba yenu ilishika. Siku nilipoleta mahari niliona vidole vyako vya miguu tu, na kila nilipotaka kuinua kichwa baba mdogo alinifinya. Nikazoea. Mtu anazoea hata jambo kama hilo, na baadaye anaona raha yake: kuna mtu mmoja duniani ambaye huwezi kumchoka kwa kumtazama.

Ulipokuja hapa kumuuguza Nsimire ulilala kwa Maman Chantal, juu ya saluni yake, mtaa wa Matonge. Nilipokuwa kazini, kwenye ofisi za Schuman, ulikuwa kwangu, nami nikirudi ulikuwa umeshaondoka, chakula kiko jikoni kimefunikwa. Tukikutana kwenye ngazi, mimi niligeukia ukuta na wewe ulivuta kitenge usoni. Jirani wa chini aliamini tumegombana, mpaka akatuletea keki tupatane. Nsimire alicheka siku hiyo akashika ubavu, na ndiyo mara ya mwisho nakumbuka amecheka mpaka machozi.

Wewe ulikuwepo alipoweka nadhiri yake. Akipona, atakwenda kwa miguu mpaka Lisieux, kule Normandie, kwa yule mtakatifu mdogo wa waridi ambaye picha yake ilikuwa juu ya kitanda chake tangu utotoni. Hakupona. Tulimzika mwaka juzi, mwezi wa saba, mvua inanyesha kana kwamba si kiangazi. Matanga yalipokwisha ulimwambia Maman Chantal, mimi nikiwa nyuma ya mlango:

"Mutoto aliahidi. Yeye hana tena miguu. Miye niko nayo."

"Mais maman, utaenda na nani?"

"Ule muntu atafuata."

Basi nikafuata. Nakumbuka asubuhi ile ya Septemba, wewe umevaa sweta la Nsimire juu ya vitenge viwili, soksi za mpira wa miguu na raba za Maman Chantal. Mimi nilibeba begi na ramani. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mwenye ramani yuko nyuma, asiyejua njia yuko mbele. Kukutangulia nisingeweza, nikikupa mgongo nisingejua umeanguka. Kukuita je? Ningekuitaje! Kabla hatujatoka mjini tulikuwa tumeshapata lugha yetu. Nikikohoa mara moja, kulia. Nikikohoa mara mbili, kushoto. Nawe ukisikia, ulipeleka mkono nyuma ya kiuno, ukafungua vidole, ukavifunga. Maana yake: nimesikia, uko, twende. Hatukukaa tukapanga. Ilitokea tu, na tukavuka nayo mpaka wa Ufaransa.

Maneno marefu tuliyapitisha kwa wengine. Ufaransa ina ng'ombe wengi, nadhani Mungu aliwaweka kwa ajili yetu. Ulikuwa unasimama kwenye ua wa malisho na kusema kwa sauti:

"Wee ng'ombe, umwambie ule muntu wa nyuma, kamba ya kiatu yake imefunguka. Ataanguka, halafu nitamubeba na nini?"

Uliijuaje kamba yangu bila kugeuka? Mpaka leo sijui. Nikifika kwa ng'ombe yule yule, nilimwambia ahsante ya kukufikishia. Kulikuwa na mmoja mweupe kabla ya Amiens aliyetufuata pembeni ya ua akisubiri apewe maneno mengine.

Na chakula. Kula mbele yako nisingeweza, na wewe usingekula ukijua nakuangalia. Ulikuwa unakata mkate, unakula sehemu yako ukitembea, sehemu yangu unaiacha juu ya jiwe la kilomita, imefungwa kwenye kitambaa, na jibini juu. Tulipofika kwenye matufaa ya Normandie uliacha matufaa, umeyafuta kwa kitenge mpaka yanang'aa. Nimekula Ufaransa nzima juu ya mawe ya barabarani, mama. Sijawahi kula vizuri vile tangu Nsimire augue, na sijala vizuri tena.

Siku ya mvua, kule kwenye mashamba ya viazisukari, nilishikwa na kifua. Unakumbuka? Kikohozi cha kweli kabisa, kisichouliza mtu. Nakohoa mara moja, unaingia kulia. Nakohoa mara mbili, unakata kushoto katikati ya viazi. Nakohoa mfululizo, ukasimama, ukazunguka, ukaenda mbele, ukarudi pembeni, mkono wako nyuma unafunguka na kufunga, nimesikia, nimesikia. Matope yamefika magotini. Mimi nakimbia nyuma nikijaribu kubana pumzi, na nikibana ndiyo kinatoka kwa nguvu zaidi. Tukaingia hivyo kwenye ua wa nyumba ya mkulima. Mke wake alikuwa dirishani, na alichokiona ni bibi kizee anayepigapiga kona shambani na mwanamume anayemfukuza. Akakuvuta ndani, akafunga mlango, akapiga simu. Namwelewa. Hata mimi ningepiga.

Wakaja polisi wawili, mmoja mtu mzima, mwingine kijana mwenye haraka. Wakaniingiza jikoni nikasimama nikiuangalia mlango, wewe umekaa unaliangalia jiko. Kijana akauliza, mama, unamfahamu huyu bwana? Mkalimani alikuwa nani? Mimi mwenyewe. Nikaliuliza dirisha kwa Kiswahili, nawe ukajibu kweli tupu, kama kawaida yako:

"Sijamuangaliaka ata siku moja."

Ningeweza kutafsiri vingine. Lakini Kifaransa ulikisikia kidogo, nikaogopa. Nikatafsiri neno kwa neno, na kijana akashika mkanda wake pale pingu zinapokaa. Ndipo ukaliambia jiko, polepole, ili nisikose neno:

"Wee jiko, ubaambie. Ule ni bwana ya mutoto wangu. Mutoto alikufa. Lakini ule hakuacha kuwa mukwe. Tuko naenda kulipa ahadi ya mutoto. Donc bamuache, ni mugonjwa wa kifua, bamupe kitu ya moto."

Nilitafsiri yote isipokuwa la kitu cha moto, niliona aibu. Yule mtu mzima alivua kofia. Kijana akauliza kwa nini basi hatutembei pamoja. Nikamwambia tunatembea pamoja. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaweka maziwa jikoni bila kuambiwa na mtu.

Kuna siku moja sitaki kuikumbuka na ndiyo inayonijia kila siku. Karibu na mto Somme ulisimama kwenye ukuta mfupi, na nyuma yake misalaba myeupe, mistari na mistari, mpaka jicho linachoka. Ukaiuliza ile misalaba: "Hii ilikuwa kijiji gani ilikufa yote?" Nikaujibu ukuta kwamba ni askari wa vita vya zamani, vijana, wengi hawakujulikana majina. Ukavua raba, ukaingia, ukakaa chini kwenye majani yaliyolowa, miguu umeinyosha, kama mtu anavyokaa kwenye msiba. Kwetu hakuna kupita matanga bila kukaa. Nikakaa mimi pia, mstari wa nyuma. Ulilia sana, mama, na nilidhani unamlilia Nsimire. Siku hizi sina hakika. Siku hizi naona kama uliona kitu kinakuja kwetu, na mimi nilikuwa nahesabu tu kwamba tumechelewa kufika kwa mapadri kulala.

Tulifika Lisieux kwenye sikukuu yenyewe ya yule mtakatifu, mapema Oktoba, mji umejaa maua na mabasi. Uliingia kwa mlango mmoja, nikaingia kwa mwingine. Nilikukuta umepiga magoti mbele ya sanamu, nikapiga magoti nyuma ya nguzo. Ulimwambia yule mtakatifu, na ulijua nipo:

"Bon, tumefika. Mutoto wangu alisema atakuya, amekuya. Na ule wa nyuma, umuangalie vizuri. Miye siwezi kumuangalia. Basi umuangalie weye."

Sikuweza kuinuka pale. Nilijifanya nafunga kamba za viatu mpaka ukatoka. Mke wangu aliponifia watu wengi walinipa pole, walinishika mabega, walinitazama machoni. Hakuna aliyenishika kama wewe uliyenigeuzia kisogo.

Halafu kibali chako kikaisha. Kule uwanja wa ndege hakukuwa na ng'ombe. Nilikiambia kigari cha mizigo: mwambie abaki, chumba kipo, nitapachika pazia, sitamsumbua. Ukakijibu kile kigari kwamba shamba lako liko Bukavu, na kaburi la mzee liko Bukavu, na mtu hawezi kuzeeka kwenye ngazi za watu. Picha zako zote ulikuwa umeshazifunga kwenye sanduku. Ulisema picha ya mama haikai ndani ya nyumba ya mkwe. Ukaingia kwenye mstari. Nikakohoa mara moja, kwa sababu lango lako lilikuwa la kulia. Mkono ukaja nyuma, vidole vikafunguka, vikafunga. Nikarudi mjini kwa miguu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutembea ovyo. Nyumba hainipokei. Nikikaa miguu inawasha, nikisimama sijui niende wapi. Jumapili naenda mpaka soko la Gare du Midi, kwenye mboga na mitumba, nakaa nyuma ya wamama. Usicheke. Naangalia visigino. Mmoja wa Morocco alikuwa na bega kama lako, nikamfuata kutoka kwenye zeituni mpaka kwenye samaki, akageuka akanipa macho makali, na haki yake. Kazini naanza kupiga deki korido mbili kwa mpigo, naacha ndoo huku, fagio kule. Msimamizi ameniuliza kama nina mtu mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Yule dada wa ofisi alinishauri nimlete mtu anayejua uso. Nikamleta Maman Chantal. Yeye alisema kila kitu vizuri, jina lako kamili, mashavu ya mviringo, pengo la mbele, nyusi nyembamba. Nilikuwa nasikiliza kama mgeni. Una pengo la mbele! Nsimire alikuwa nalo, na kumbe hakulitoa mbali.

Sasa nikueleze la Jumamosi iliyopita.

Mteja mmoja wa saluni alirekodi habari za televisheni kwenye kaseti, akaileta. Watu wanatoka msituni, wanarudi upande wa Bukavu kwa miguu, barabara imejaa. Saluni ilikuwa imefurika mchana ule, wamama wamesukwa nusu kichwa, kila mmoja anatafuta wake. Wanapiga kelele: ule, ule, hapana, rudisha! Mpiga picha alikuwa amesimama katikati ya barabara na watu wanamjia usoni. Akaja mama mmoja mwembamba sana, dumu la njano kichwani, kitambaa kimefunika paji la uso. Mtu akasema, angalia, si yule maman wa Nsimire? Maman Chantal akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Non. Haiko yeye. Maman alikuwa na mashavu. Ule hana ata kitu."

Kwangu mimi ulikuwa uso wa mtu nisiyemjua. Nikajikuta nimeangalia chini kwa adabu, fikiria, mbele ya televisheni.

Lakini yule mpiga picha hakuzima. Aligeuka, akawafuata watu kwa nyuma wakiondoka, na nikainua macho kwa sababu migongo ninaruhusiwa. Mguu wa kulia ulichungulia nje. Kisigino cha kushoto kikanyanyuka mapema. Bega likapanda. Na kabla watu hawajaziba, mkono ulioshika kiuno ulikuja nyuma, vidole vikafunguka, vikafunga.

Nilipiga kelele, mama. Mimi ambaye hata msibani nilikaa kimya. Nikasema rudisha, rudisha, mpaka kaseti ikaanza kukwaruza. Nyuma yako walikuwa watu tu, mwanamume mwenye godoro, wasichana wawili na mbuzi. Nani alikohoa? Nani alikuwa anakuonyesha njia? Au mkono umezoea, unakwenda wenyewe, unauliza kama yule wa nyuma bado yupo?

"Shemeji, nimekaa na ule maman miezi na miezi," Maman Chantal akaniambia. "Nilikula naye, nilimusuka. Uso yake naijua. Haiko yeye."

"Mimi nimetembea naye," nikamwambia. "Uso unaweza kuisha kwa njaa. Mwendo hauishi."

Akaniangalia. Akazima televisheni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Halafu akaniuliza nitaondoka lini, kwa sababu ananijua.

Ninaondoka Jumanne, kwa ndege mpaka Kigali, na kutoka pale nitafika vyovyote. Yule dada wa ofisi amesema njia si salama na nisubiri taarifa. Najua ana haki. Msimamizi amekataa kunipa likizo, nimemwachia funguo na ndoo. Ninaogopa sana, nisikudanganye. Naogopa kufika na kukuta kwamba ni mama mwingine mwenye mguu kama wako. Naogopa zaidi kukaa hapa nikizunguka meza hii. Nimelifunga begi lile lile, na nimetia mkate na jibini, maana zamu hii ni mimi wa kuacha chakula juu ya mawe.

Nitakaa kwenye barabara ile wanayorudia watu, nitaangalia visigino. Nikikuona nitakuja nyuma, mbali kama kawaida, nisikushtue. Nitakohoa. Mara moja ni kulia, unajua. Mara mbili ni kushoto, unajua. Mara tatu hatukuwahi kuipa maana, nami nimeifikiria wiki nzima nikizunguka chumba hiki. Wazee watanisamehe, na wasiponisamehe nitalibeba mwenyewe.

Ukisikia mara tatu, mama, usipeleke mkono nyuma. Tua dumu chini. Geuka.

Ni mimi, ninayekuja nyuma yako,
Mkweo